Picha Moja, Nakala Nne

Hotuba kwa waandishi wa programu na mafundi wa kamera, Mombasa

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Walimu wangu, ndugu zangu mafundi, dada zangu mnaoandika programu: nitaanza na hesabu, kwa sababu katika jambo hili hesabu hutuonyesha ugonjwa ulipo kabla hatujafungua hata faili moja ya msimbo.

Chukueni picha moja ya kamera ya kawaida, 1920 kwa 1080. Hizo ni pikseli, yaani nukta za rangi, 2,073,600. Kila pikseli ikishakuwa tayari kwa skrini huchukua baiti 4: buluu, kijani, nyekundu na moja ya ziada. Picha moja basi ni baiti 8,294,400, megabaiti 8.3 hivi. Kamera ikitoa fremu, yaani picha moja moja za video, 25 kwa sekunde, kamera hiyo moja inamwaga megabaiti 207 kila sekunde. Sasa wekeni kamera 16, kama zinavyowekwa katika chumba cha walinzi wa hoteli kule Nyali au kwenye godauni la Shimanzi. Tumefika gigabaiti 3.3 kwa sekunde.

Mtu atasema kumbukumbu ya kompyuta inaumudu mzigo huo. Kijiti kimoja cha kumbukumbu cha DDR3-1600, kile tunachokikuta ndani ya kompyuta nyingi za mtumba, hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde kwa hesabu ya kiwandani. Ni kweli, 3.3 inaingia ndani ya 12.8. Lakini ifuateni safari ya hiyo picha. Kifunguzi cha video, kile kinachoifungua video iliyobanwa, kinaiandika kwenye bafa yake, yaani hifadhi yake ya muda. Programu inaigeuza rangi na kuiandika kwenye bafa ya pili. Kisha inaitia ndani ya Bitmap, umbo la picha ambalo dirisha linaweza kulichora, hiyo ya tatu. Kisha Bitmap inapunguzwa ienee kwenye kidirisha chake, hiyo ya nne. Na kila nakala ni kazi mbili, kusoma na kuandika. Tukihesabu kila hatua kwa baiti 4 za pikseli, 3.3 mara 4 mara 2 ni gigabaiti 26 na zaidi. Kijiti kinapitisha 12.8. Hapo hata ulete prosesa ya kasi gani, programu itakwama, kwa sababu njia yenyewe imejaa.

Hoja yangu leo ndiyo hiyo. Programu inayoonyesha picha zinazobadilika haraka haichoshwi na kuchora. Inachoshwa na kunakili, na inachoshwa na kushughulikia picha ambazo hakuna jicho litakaloziona.

Nianze na hili la pili, maana ndilo lenye nafuu ya haraka. Skrini ya mlinzi ni 1920 kwa 1080. Ukiigawa 4 kwa 4 upate vidirisha 16, kila kidirisha kina pikseli 480 kwa 270. Kwa nini basi tufungue picha nzima, tuibebe kwenye kumbukumbu, ndipo tutupe pikseli 15 katika kila 16? Kamera nyingi za mtandao hutoa mikondo miwili, mkubwa wa kurekodi na mdogo wa kutazama. Gridi itumie ule mdogo. Mlinzi akibofya kidirisha ili akikuze, hapo programu ifungue mkondo mkubwa wa kamera hiyo moja tu. Na kama kamera inatoa MJPEG, yaani mfululizo wa picha za JPEG, maktaba ya libjpeg-turbo inaweza kuifungua picha moja kwa moja kwa nusu, robo au thumuni ya upana na urefu wake, bila kuijenga yote kwanza. Robo ya 1920 kwa 1080 ni 480 kwa 270 barabara. Zile gigabaiti 3.3 zinashuka kuwa megabaiti 207, na hakuna mtu mle chumbani atakayeona tofauti.

Sasa foleni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo programu zinazopita majaribio ya dakika tano huja kuharibikia kazini.

Kila programu ya dirisha ina thredi moja, yaani mfululizo mmoja wa kazi, yenye mamlaka ya skrini. Hiyo ndiyo inayopokea mibofyo ya kipanya na hiyo hiyo ndiyo inayochora. Ukiitwika kazi ya kufungua video, dirisha linaganda. Hilo mnalijua, ndiyo maana mnaipeleka kazi ya kamera kwenye thredi nyingine. Kosa linalofuata huwapata hata wazoefu: thredi ya kamera ikimaliza fremu, inaitumia thredi ya dirisha ujumbe, "chora hii." Watu wa .NET, jukwaa la programu la Microsoft, hutumia BeginInvoke; watu wa Qt, maktaba ya kujengea madirisha, hutumia ishara inayopitia foleni. Ujumbe unapokelewa, picha inaonekana, kila mtu anafurahi. Lakini tuseme kamera inatoa fremu 25 na dirisha linamudu 20. Kila sekunde fremu 5 zinabaki kwenye foleni. Baada ya dakika 10 kamera imetoa fremu 15,000, dirisha limechora 12,000. Fremu nambari 12,000 ilipigwa kwenye sekunde ya 480, na sasa tuko sekunde ya 600. Mlinzi anaangalia lango kama lilivyokuwa dakika 2 zilizopita. Picha ni laini, rangi nzuri, hakuna onyo lolote mahali popote, na mwizi ameshaondoka.

Hiyo ni kama zilizo foleni ni fremu ambazo bado zimebanwa. Zikiwa zimeshafunguliwa, megabaiti 8.3 kila moja, kompyuta ya gigabaiti 8 haifiki hata dakika 4 kabla haijaishiwa na kumbukumbu. Na afadhali hiyo, kwa sababu programu iliyokufa huonekana imekufa. Ile inayoonyesha yaliyopita ndiyo ya hatari.

Dawa ni kuiondoa foleni kabisa. Weka nafasi ya fremu moja tu, iliyo mpya kuliko zote. Njia safi ya kufanya hivyo ni bafa tatu, na nitazieleza kwa masinia matatu ya mkahawa. Sinia moja liko jikoni, mpishi analipakia viazi karai. La pili liko kaunta, limejaa, linangoja. La tatu liko mezani kwa mteja. Mpishi akimaliza hamngoji mtu: analiweka sinia lake jipya kaunta na kulichukua lililokuwepo, kama limeshapoa analimwaga na kupakia upya. Mhudumu akiwa tayari, analeta sinia tupu kutoka mezani, anachukua la kaunta. Mpishi hamzuii mhudumu, mhudumu hamzuii mpishi, na mteja hapewi viazi vilivyopoa wakati vya moto vipo.

Kwenye msimbo, mpishi ni thredi ya kamera na mhudumu ni thredi ya dirisha. Nambari ya sinia la kaunta inakaa ndani ya kigezo kimoja kinachobadilishwa kwa tendo moja lisilokatika: exchange ya std::atomic katika C++, Interlocked.Exchange katika C#. Biti moja ya ziada ndani ya kigezo hicho husema kama sinia ni jipya au mhudumu alishalichukua, ili dirisha lisichore picha ile ile mara mbili. Bafa zote tatu zitengwe mara moja programu inapoanza, zisiongezwe wala kufutwa tena. Wengine wataridhika na bafa mbili na kufuli linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati. Inafanya kazi, ila kufuli hilo likishikwa na thredi ya dirisha wakati wote wa kuchora, kamera inangoja, na tumerudi kule kule.

Tahadhari moja ambayo ni lazima niitaje. Fremu hutupwa baada ya kufunguliwa, si kabla, kama mkondo umebanwa kwa H.264 au H.265. Katika mikondo hiyo fremu nyingi hubeba tofauti tu na fremu jirani zake. Ukitupa moja ikiwa bado imebanwa, zinazofuata zinakosa msingi, na unaona ule ukungu wa kijivu unaovutwa skrini nzima mpaka fremu kamili ifuatayo ifike. MJPEG haina shida hii, kila picha inajitegemea, kwa hiyo hapo tupa mapema kadiri uwezavyo, uokoe na kazi ya kufungua.

Tuje kwenye nakala. Nitapita kwenye vyombo vile mnavyovitumia.

Kwenye Windows Forms, mfumo wa kujengea madirisha wa .NET, msimbo ninaoudhania kabla hata sijauona ni huu: kila fremu new Bitmap, kisha inapachikwa kwenye PictureBox, na ile ya zamani inaachwa bila kufutwa kwa Dispose. Sehemu kubwa ya Bitmap iko nje ya macho ya mzoa taka wa .NET, yule anayefuta kumbukumbu isiyotumika tena; yeye anaona kitu kidogo, haoni megabaiti 8 zilizo nyuma yake, kwa hiyo hana haraka. Hata safu ya kawaida ya baiti ina tatizo lake: chochote kuanzia baiti 85,000 hupelekwa eneo la vitu vikubwa, na eneo hilo husafishwa pamoja na kizazi cha 2, ule usafishaji mzito zaidi. Ukitenga safu mpya ya megabaiti 8 mara 25 kwa sekunde, unauita usafishaji huo kila mara, na kila unapokuja picha inashtuka. Tengeni Bitmap mbili au tatu, mziandikie kwa LockBits, mzichore wenyewe kwenye OnPaint na DoubleBuffered ikiwa imewashwa. Umbo la Format32bppPArgb ndilo linalochorwa haraka na DrawImage. SetPixel isahauliwe kabisa kwa kazi hii. Kuiita mara milioni mbili kwa fremu moja hakuna kompyuta itakayoistahimili.

Kwenye WPF, mfumo mwingine wa madirisha wa .NET, kuna makosa mawili ya kila siku. La kwanza ni kuibana picha kuwa JPEG au BMP ndani ya MemoryStream, kisha kuifungua tena kama BitmapImage. Picha ilikuwa tayari, mkaifunga, mkaifungua. La pili ni GetHbitmap bila DeleteObject. Kila wito huacha hendeli moja ya GDI, yaani tiketi ya kitu cha kuchorea cha Windows, na kikomo cha kawaida cha Windows ni hendeli 10,000 kwa programu moja. Gawanyeni kwa 25: sekunde 400. Programu inayokufa baada ya dakika 6 na nusu hivi, kila mara, bila kukosa, ikaguliwe hapo kwanza.

Kinachofaa ni WriteableBitmap moja kwa kila kidirisha. Lock huitwa na thredi ya dirisha, kisha pointa ya BackBuffer inaweza kukabidhiwa thredi nyingine iandike pikseli, halafu thredi ya dirisha inaita AddDirtyRect na Unlock. Umbo liwe Bgr32 kama picha haina uwazi. Ukichagua umbo la baiti 3 kwa pikseli, WPF italigeuza kimyakimya kila fremu, na nakala uliyodhani umeiokoa imerudi.

Qt ina adabu nzuri zaidi, ila lazima muijue. QImage inaruhusiwa kwenye thredi yoyote. QPixmap ni ya thredi ya dirisha. Msiweke picha kwenye QLabel kwa setPixmap kila fremu, hasa mkiwa mmeipunguza kwanza kwa ulaini wa hali ya juu. Andikeni wijeti yenu, yaani kipande chenu cha dirisha, mchore QImage ndani ya paintEvent, na mkipata fremu mpya muite update(), si repaint(). Wito kadhaa wa update() huunganishwa kuwa uchoraji mmoja, ambacho ndicho tunachokitaka. Repaint() huchora papo hapo kila mara. Na QImage iliyojengwa juu ya bafa ya kamera hainakili kitu. Hiyo ni faida, lakini pia ni mtego: kamera ikiiandikia bafa hiyo fremu mpya wakati dirisha linachora, nusu ya juu ya picha ni ya sasa na nusu ya chini ni ya zamani. Bafa ikifutwa, programu inaanguka. Masinia matatu yanaondoa yote mawili.

Wanafunzi wa Python na Tkinter, maktaba yake ya madirisha, nanyi nina neno lenu. Picha ikitokea tupu bila kosa lolote, ni kwa sababu PhotoImage haijashikwa na kigezo chochote, mzoa taka ameichukua. Ishikeni. Kisha msiunde mpya kila fremu, ImageTk.PhotoImage ina paste(), inaandika juu ya ile ile. Wijeti zisiguswe na thredi nyingine, tumieni after().

Mzigo ukizidi hapo, kazi iende kwenye kadi ya michoro. Katika OpenGL, lugha ya kuiamuru kadi, tekscha, yaani picha iliyo ndani ya kadi, itengwe mara moja, kisha kila fremu iandikwe kwa glTexSubImage2D. Kuita glTexImage2D kila mara ni kuiomba draiva itenge upya hifadhi nzima. Katika SDL, maktaba ya michoro na michezo, tekscha iundwe kwa SDL_TEXTUREACCESS_STREAMING na iandikwe kupitia SDL_LockTexture, mkikumbuka kwamba pale unapewa mahali pa kuandika tu. Usitegemee kuikuta picha ya zamani. Kupunguza na kukuza picha kadi hufanya karibu bure, kwa hiyo nakala ya nne inatoweka.

Na nakala ya pili, ile ya kugeuza rangi, nayo inaweza kutoweka. Kifunguzi cha video kwa kawaida hakitoi baiti 4 kwa pikseli. Hutoa umbo kama NV12: mwanga wa kila pikseli, na rangi moja kwa kila kundi la pikseli 4, jumla baiti 1.5 kwa pikseli. Picha yetu ni baiti 3,110,400 tu badala ya 8,294,400. Ipelekeni hivyo hivyo kwenye kadi, tekscha moja ya mwanga na moja ya rangi, hesabu ya kugeuza ifanywe na kadi yenyewe. Ila mchague hesabu iliyo sahihi. Video za ukubwa wa HD kwa kawaida hufuata BT.709, za zamani ndogo hufuata BT.601, mkichanganya, nyuso za watu zinageuka rangi kidogo na hakuna anayejua kwa nini. Na mwanga mara nyingi huanzia 16 hadi 235, si 0 hadi 255. Usipounyoosha, weusi unakuwa kijivu, picha yote inaonekana kama imepakwa vumbi.

Kama kadi ndiyo inayofungua video, picha imeshazaliwa ndani ya kadi. Kuirudisha kwenye kumbukumbu ya kawaida ili kisha uipeleke tena kwenye kadi ni safari mbili za bure. Tafuteni njia ya kuitumia tekscha hiyo moja kwa moja: D3D11VA kwenye Windows, VA-API kwenye Linux. Hapa niongeze jambo la soko letu. Zimo kompyuta nyingi za mtumba za kizazi cha 4 cha Intel. Zinafungua H.264 kwa kifaa maalumu ndani ya chipu, lakini kwa H.265 hazina kifaa kamili. Hicho kilikuja na kizazi cha 6, mwaka 2015. Fundi akiweka kamera zote kwenye H.265 ili kuokoa diski, kazi yote inaangukia prosesa. Kabla hamjalaumu programu, badilisheni mpangilio wa kamera. Na ongezeni kijiti cha pili cha kumbukumbu kilicho sawa na cha kwanza: njia zinakuwa mbili, na kadi iliyo ndani ya chipu, inayotumia kumbukumbu hiyo hiyo, nayo inapumua.

Picha ikionekana imelala upande, kila mstari umesogea kidogo kuliko wa juu yake, tatizo ni straidi, yaani idadi ya baiti kutoka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa mwingine. Picha ya upana wa pikseli 641 kwa baiti 3 ni baiti 1,923, lakini Bitmap ya Windows hupanga mistari kwa vipande vya baiti 4, kwa hiyo mstari unachukua 1,924. Baiti moja hiyo, ukiipuuza, ndiyo inayoinamisha picha. OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, haiongezi baiti hiyo, QImage inaitarajia usipoitajia straidi yako, na OpenGL nayo kwa kawaida hutarajia vipande vya baiti 4 mpaka ubadilishe GL_UNPACK_ALIGNMENT. Ni tatizo linalojificha, maana kwa upana wa 640 na 1920 kila kitu kiko sawa. Jaribuni programu zenu kwa upana wa 641. Na OpenCV hupanga rangi buluu kwanza. Nyuso zikiwa za buluu, mmejua pa kuangalia.

Kuhusu wakati wa kuchora nitasema machache. Msiendeshe uchoraji kwa saa ya programu. Saa ya kawaida ya Windows hupiga mara 64 kwa sekunde, kila milisekunde 15.6, kwa hiyo Sleep ya 16 mara nyingi inakuwa 31. Timer ya Windows Forms ni mbaya zaidi, usahihi wake ni milisekunde 55. Acheni skrini yenyewe iongoze: inapokuwa tayari kujichora, programu iulize kaunta, kuna sinia jipya? Lipo, chora. Halipo, usifanye kitu. WPF ina CompositionTarget.Rendering, Wayland, mfumo wa skrini wa Linux, ina wito wake wa fremu. Kamera ya fremu 25 kwenye skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde bado haitakuwa laini kabisa, kwa sababu 60 kwa 25 ni 2.4, fremu nyingine inakaa mizunguko 2 na nyingine 3. Kwa ulinzi haidhuru.

Kuna aina nyingine ya picha ambayo si ya kamera, nayo iko karibu nasi sana hapa pwani: picha inayosogea, kama ile ya kipimakina cha boti. Kila mlio unaorudi kutoka chini ya bahari huongeza mstari mmoja, na picha nzima inasogea hatua moja. Programu nyingi huisogeza picha nzima kwenye kumbukumbu. Kwa picha ya 1024 kwa 600 hizo ni baiti 2,457,600 kila mara, kwa ajili ya taarifa mpya ya baiti 2,400, yaani mstari mmoja wa kusimama wa pikseli 600. Badala yake, ifanyeni tekscha kuwa duara: andika mstari mpya juu ya ule wa zamani kuliko wote, kisha iambie kadi ianze kuchora kutoka mstari unaofuata, ikifika mwisho irudi mwanzo. Hakuna kinachosogezwa. Na kama picha yenu husogea kutoka kulia kwenda kushoto, kama ilivyo kwenye vipimakina, bado hifadhini kila mlio kama mstari wa kulala na mzungushe nyuzi 90 wakati wa kuchora. Mstari wa kulala baiti zake zimekaa pamoja kwenye kumbukumbu. Wa kusimama umetawanyika, kila pikseli mahali pake, na kuuandika ni taabu kwa prosesa. Njia hii inafaa vilevile kwa mapigo ya moyo, kwa mawimbi ya sauti, kwa chochote kinachoongezeka upande mmoja.

Nimalizie na vipimo, na mambo yasiyo ya programu yanayosingiziwa programu.

Pimeni umri wa picha. Fremu ikifika kutoka kamera, iandikeni saa yake. Ikichorwa, toeni tofauti. Wastani usiwadanganye: angalieni ile fremu mbaya kuliko zote katika kila 100. Kwa skrini ya 60 bajeti ya fremu ni milisekunde 16.7, na moja ikichukua 80 jicho linaiona hata kama wastani ni 9. Kipimo cha mwisho hadi mwisho ni rahisi: elekezeni kamera kwenye simu yenye saa inayohesabu milisekunde, weka simu kando ya skrini, piga picha moja inayoonyesha zote mbili. Tofauti ya namba ndiyo ucheleweshaji wote, pamoja na ule wa kamera na mtandao.

Kamera ya USB 2.0 ikitoa fremu 5 tu kwa ukubwa kamili, msitafute kosa kwenye msimbo. Waya huo ni megabiti 480 kwa sekunde. Picha isiyobanwa ya baiti 2 kwa pikseli, fremu 30, inataka megabiti 995. Haiingii. Iombeni kamera itoe MJPEG.

Mistari hafifu inayotembea juu ya picha ndani ya duka lenye taa za mirija: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka kiwandani ikiwa imewekwa 60 haipatani nazo. Ibadilisheni iwe 50, na muda wa kufunguka lenzi uwe 1/50 au 1/100. Hakuna mstari wa msimbo utakaoliondoa hilo.

Na joto. Kompyuta ikipata moto prosesa hujipunguza kasi yenyewe, na kibanda cha mlinzi Changamwe saa nane mchana si chumba chenye kipoza hewa. Feni inavuta vumbi na unyevu wa chumvi, matundu yanaziba. Programu inayokwenda vizuri asubuhi na kudorora alasiri, angalieni kasi ya prosesa kabla ya kuangalia kitu kingine. Jaribio lenu liende saa 2 mfululizo, kipoza hewa kikiwa kimezimwa, kamera zote zikiwa zimeunganishwa, huku mkiandika umri wa fremu, kumbukumbu iliyotumika na idadi ya hendeli kila dakika. Kumbukumbu ikipanda polepole bila kushuka, kuna kitu hakifutwi. Umri wa fremu ukipanda polepole, mahali fulani foleni bado ipo, mara nyingine ndani ya maktaba ya kamera yenyewe, ambayo huhifadhi fremu kadhaa bila kuwauliza.

Kebo ziko mezani, na kamera mbili zimeshawashwa. Kila mmoja afungue programu yake, aifuate fremu moja kutoka inapoingia hadi inapochorwa, na aandike kwenye karatasi imenakiliwa mara ngapi. Tuanzie hapo.